Mashine za bustani za betri: umeme ni rahisi, betri ndiyo ghali

Mwenye zabuni ya kutunza bustani za ofisi, hoteli au shule anayefikiria kuacha mashine za petroli na kuhamia za betri ana jambo moja la kujua kabla hajaandika hundi. Umeme wa kuchaji ni rahisi mno, na muuzaji yeyote atamwambia hivyo. Asichoambiwa mara nyingi ni kwamba betri yenyewe huchakaa kidogo kidogo kila inapochajiwa, na gharama ya uchakavu huo inaweza kuzidi petroli aliyokuwa akiikimbia.

Mashine zinazohusika ni zile za mota moja yenye vichwa vingi. Mnunuzi anapata mpini wenye mota na nafasi ya betri, kisha anachomeka fimbo ya kazi anayoitaka: kichwa cha kamba ya nailoni cha kufyekea, meno ya kukatia michongoma, msumeno wa matawi ya juu, kipulizia majani, kisu cha kunyoosha kingo za nyasi au kijembe cha kutifulia udongo. Kubadilisha kichwa ni kazi ya dakika moja. Mtindo huo ulianzia kwenye petroli. Mfumo wa Kombi wa kampuni ya STIHL ya Ujerumani, kwa mfano, una mota za petroli na mota za betri zinazotumia vichwa vile vile, ingawa si kila kichwa kimeruhusiwa kwa kila mota. Makita ya Japani inayo mota inayotumia betri mbili za volti 18 kwa pamoja. Milwaukee ilitoa mfumo wake wa Quik-Lok wa volti 18 mwaka 2018, na EGO, chapa ya kampuni ya Chervon ya China, inatumia betri inayouzwa kwa jina la volti 56.

Viwanda vinasukumwa na masoko makubwa. Katika jimbo la California, Marekani, sheria iliyosainiwa Oktoba 2021 ilifungua njia ya kuzuia uuzaji wa injini mpya ndogo za bustani zinazotoa moshi kuanzia zile za mwaka 2024. Jiji la Washington lilipiga marufuku vipulizia majani vya petroli tangu Januari 1, 2022. Tanzania haina sheria ya namna hiyo. Kinachomsukuma mnunuzi wa Dar es Salaam au Arusha ni pampu: EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwenye zabuni aliyeandika bei moja ya mwaka mzima hana namna ya kurudi kwa mteja kila Jumatano hiyo kumwomba nyongeza.

Volti hazielezi kazi

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kulinganisha mashine kwa volti. Seli moja ya lithiamu hupimwa kwa wastani wa volti 3.6, lakini ikiwa imejaa hufika 4 na zaidi kidogo. Betri yenye seli 5 zilizofuatana ni ya volti 18 kwa hesabu ya wastani na ya volti 20 kwa hesabu ya kujaa. Ndiyo maana betri ile ile ya DeWalt huuzwa Ulaya kama volti 18 na Marekani kama volti 20. Yenye seli 10 ni 36 kwa mmoja na 40 kwa mwingine. Yenye 15 ni 54 au 60. Mfanyabiashara anayemwambia mteja kwamba ya 40 ina nguvu kuliko ya 36 anauza tarakimu ya lebo tu.

Kipimo kinachoeleza kazi ni wati-saa, yaani volti mara ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 5 ina wati-saa 180. Ya volti 18 na ampea-saa 5 ina 90, hivyo mbili zake ni sawa na moja ya 36. Mota inayokula wati 600, ambao ni ulaji wa kawaida wa kichwa cha kamba kwenye nyasi nzito, huimaliza betri ya wati-saa 180 ndani ya dakika 18. Kwa kuwa hakuna anayeikamua betri hadi tone la mwisho, ni salama zaidi kuhesabu wati-saa 160 na dakika 16.

Dakika 16 ni chache, na hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Shirika la utafiti la BloombergNEF lilikadiria kwamba mwaka 2024 wastani wa bei ya pakiti za lithiamu, kwa magari na kwa hifadhi ya umeme, ulikuwa dola 115 kwa kilowati-saa, wakati mwaka 2010 ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Kwa kiwango hicho, wati-saa 180 zingegharimu dola 21. Betri ya mashine ya bustani yenye ujazo huo huuzwa mara kadhaa ya fedha hizo, kwa sababu ina ganda lake, bodi yake ya kudhibiti chaji, na umbo ambalo haliingii kwenye mashine ya chapa nyingine. Mnunuzi akishachagua chapa, betri zote zinazofuata atazinunua huko huko. Ni muhimu basi aangalie bei ya betri kabla ya kuangalia bei ya mota, hata kama mota ndiyo iliyopambwa kwenye kabati la duka.

Hesabu ya siku moja

Chukulia kampuni ndogo yenye zabuni ya eneo la ofisi lenye nyasi, michongoma na njia za saruji. Vibarua wako kazini saa 6, lakini muda ambao mota inazunguka kweli ni saa 3: saa moja na nusu ya kufyeka kwa wati 600, saa moja ya michongoma kwa wati 250, na nusu saa ya kupuliza majani kwa wati 800. Jumla ni wati-saa 900, 250 na 400, yaani 1,550 kwa siku. Kwa betri zinazotoa wati-saa 160 kila moja, hiyo ni karibu chaji 10.

Chaji 10 hazimaanishi betri 10, mradi umeme upo eneo la kazi. Chaja ya haraka inayojaza betri kwa dakika 45 inaweza kuhudumia betri 4: zote zinafika asubuhi zimejaa, ya kwanza ikiisha inaingia kwenye chaja, na kufikia mwisho wa siku chaja imejaza 6 nyingine kwa jumla ya saa 4 na nusu. Inabaki nafasi kidogo ya kuziacha zipoe kabla ya kuchajiwa. Mahali pasipo na soketi, au ambapo mteja hataki kuona waya wa mtu ukutani kwake, betri 10 zinahitajika, na usiku lazima mtu aamke kuzibadilisha kwenye chaja.

Tarakimu za fedha zinazofuata ni za kuonyesha njia tu. Mnunuzi aweke za duka lake. Mota ikiwa shilingi 900,000, kila kichwa 300,000, betri 450,000 na chaja 250,000, seti ya vichwa 3 na betri 4 ni shilingi 3,850,000. Seti hiyo hiyo yenye betri 10 ni 6,550,000. Tofauti ya shilingi 2,700,000 inatokana na soketi moja ya ukutani, na inafaa mwenye zabuni aulizie soketi hiyo siku ya kukagua eneo, kabla hajajaza bei.

Sasa gharama ya kuendesha. Wati-saa 1,550 zinazoingia kwenye kazi zinahitaji takriban uniti 1.8 kutoka ukutani, kwa kuwa sehemu fulani hupotea kama joto. Uniti ikikadiriwa shilingi 360 pamoja na kodi na tozo, siku nzima inagharimu shilingi 650 hivi. Kazi hiyo hiyo kwa petroli ikila lita 2.5, kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 7,500. Oili ya kuchanganya kwa uwiano wa 1 kwa 50 ni mililita 50, sawa na shilingi 500 kama lita ni 10,000. Petroli 8,000, umeme 650. Wauzaji wengi husimama hapa, na mnunuzi huondoka dukani akitabasamu.

Betri nayo ni mafuta

Betri ya lithiamu haidumu milele. Kila mzunguko wa kuijaza na kuimaliza hupunguza uwezo wake, na baada ya mizunguko mia kadhaa huanza kutoa muda mfupi unaosumbua kazi. Joto, chaji ya haraka na kuimaliza kabisa huharakisha uchakavu. Matumizi ya upole huuchelewesha. Ikikadiriwa kwamba betri ya shilingi 450,000 inatoa mizunguko 500 ya maana, kila chaji imekula shilingi 900 za betri. Chaji 10 kwa siku ni shilingi 9,000. Ukiongeza umeme, siku ya betri inagharimu shilingi 9,650 dhidi ya 8,000 za petroli.

Betri ikivumilia mizunguko 1,000, hesabu inageuka: shilingi 450 kwa chaji, 4,500 kwa siku, jumla 5,150 pamoja na umeme. Kizingiti, kwa tarakimu hizi, ni kama mizunguko 613. Chini ya hapo petroli inashinda kwa gharama za kila siku; juu ya hapo betri inashinda. Mwenye mashine za petroli ambaye pia hutumia shilingi 1,000 kwa siku kwa plagi, kabureta, chujio na fundi ana kizingiti cha chini zaidi, kama 540. Na bado hapo haijahesabiwa tofauti ya bei ya kununulia mashine zenyewe.

Hii ndiyo sababu swali la kwanza kwa muuzaji linapaswa kuwa la dhamana ya betri peke yake. Dhamana ya mashine na dhamana ya betri mara nyingi ni karatasi mbili tofauti, na masharti ya mtumiaji wa biashara huwa mafupi kuliko ya mtu wa nyumbani. Muuzaji anayeweza kuandika kwamba betri ikishuka chini ya kiwango fulani ndani ya miaka 2 itabadilishwa, hata kama bei yake iko juu kwa moja ya kumi, anauza kitu cha rahisi zaidi.

Vibarua nao wana sehemu yao katika maisha ya betri. Ikitoka kwenye nyasi nzito ikiwa ya moto, ipumzishwe kivulini kabla ya kuchomekwa. Chaja nzuri hukataa kuijaza hadi ipoe, za bei poa hazina habari hiyo. Kuchaji kunapaswa kufanyika kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi. Ndani ya gari lililofungwa madirisha na kuachwa juani Dar es Salaam mwezi Februari, joto hupita hapo bila shida. Sanduku la betri likae kivulini pamoja na maji ya kunywa.

Michongoma kwanza, kipulizia mwisho

Hesabu ya jumla huficha jambo ambalo kila kichwa kinalionyesha kikipimwa peke yake. Kwa betri ya mizunguko 500, saa moja ya michongoma inagharimu shilingi 1,510 hivi, uchakavu na umeme pamoja. Petroli ya kazi hiyo, lita 0.6 na oili yake, ni shilingi 1,920. Betri inashinda hata kwa makadirio mabaya. Saa moja na nusu ya kufyeka inagharimu shilingi 5,440 kwa betri na 4,800 kwa petroli. Hapo betri inashindwa kwa kiasi kidogo. Nusu saa ya kipulizia ni shilingi 2,420 kwa betri na 1,280 kwa petroli, karibu mara mbili.

Sababu iko kwenye asili ya kazi. Meno ya michongoma hukata vijiti vyembamba na mota haisumbuki. Kibarua akisimama kusogeza ngazi, mota nayo inasimama na haili kitu, wakati injini ya petroli ingeendelea kunguruma. Kipulizia kinasukuma hewa kwa nguvu zote tangu kinapowashwa hadi kinapozimwa. Ni kichwa kinachouzika sana kwa sababu kinafurahisha kukijaribu dukani, na ndicho kinachomaliza betri kuliko vyote. Kwenye njia za saruji za kawaida, fagio la chelewa na kibarua mwenye haraka bado ni washindani wakali.

Lakini kuna maeneo ambayo hesabu ya mafuta si hesabu ya mwisho. Mashine nyingi za kufyekea za petroli hupita desibeli 95 sikioni mwa anayeishika. Umoja wa Ulaya, katika maagizo yake ya mwaka 2003, unamtaka mwajiri kuhakikisha mfanyakazi anavaa kinga ya masikio kuanzia wastani wa desibeli 85 kwa siku. Mashine za betri kwa kawaida ziko chini ya zile za petroli, na haziachi moshi. Hoteli yenye wageni wanaolala hadi saa 3 asubuhi, hospitali, shule wakati wa mitihani: wateja hawa wanaweza kulipa zaidi kwa kazi inayoanza mapema bila kelele. Mwenye zabuni anayeweza kuanza saa 12 asubuhi bila malalamiko ana bidhaa ambayo mwenye petroli hana, na anapaswa kuiandikia bei yake.

Mota moja, mfanyakazi mmoja

Mfumo wa vichwa vingi unauzwa kama njia ya kuokoa fedha, na ni kweli kwa mtu anayefanya kazi peke yake: anafyeka, anapogoa, anasafisha njia, anaondoka. Kwa kikundi cha watu 3 hali ni nyingine. Mota ikiwa moja, wawili wanasimama kumtazama wa tatu, na mshahara wao wa siku unapita haraka kile kilichookolewa dukani. Mota ikifa, kazi zote tatu zimelala. Kampuni yenye vikundi inafaa kupanga mota 2 zinazotumia betri za aina moja, au kuchanganya: mota ya petroli ya mfumo huo huo kwa nyasi nzito za masika, ya betri kwa michongoma na kingo, vichwa vikihama kati ya hizo mbili pale kiwanda kinaporuhusu.

Uzito nao unadanganya. Mashine iliyopimwa dukani bila betri wala kichwa haionyeshi kile kibarua atakachobeba saa 6. Betri kubwa huongeza kilo moja hadi 2, na meno ya michongoma yakiwa mwisho wa fimbo huvuta mikono chini. Kwa ua mfupi wa kiunoni, mashine ya mkono iliyoundwa kwa kazi hiyo moja ni nyepesi na hukata haraka zaidi. Fimbo ndefu hupata maana kwenye ua mrefu na matawi ya juu, ambako hapo awali ngazi ilihitajika.

Kiungio cha fimbo kikaguliwe kwa mkono. Baadhi ya chapa za soko la Marekani zina viungio vinavyofanana na vichwa vyake hubadilishana. Nyingine zina kiungio chao wenyewe na haziingiliani na yeyote. Kichwa cha bei rahisi kinachoingia kwa kulazimishwa hutikisika, hula giaboksi, na huondoa dhamana ya mota.

Kwa waagizaji

Mfanyabiashara aliyezoea kurudi kutoka Dubai na mizigo ya mkononi atapata kikwazo na bidhaa hii. Sheria za usafiri wa anga zinaruhusu abiria kubeba betri ya akiba ya lithiamu hadi wati-saa 100 kwenye mzigo wa mkononi. Kati ya 100 na 160 anahitaji kibali cha shirika la ndege, na asizidi 2. Juu ya 160 haziruhusiwi kabisa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5, yenye wati-saa 90, inapita. Ya volti 36 na ampea-saa 5, yenye 180, itabaki uwanja wa ndege. Kama shehena, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake zilizuiwa kwenye ndege za abiria tangu Aprili 1, 2016. Huenda kwa ndege za mizigo tu, chaji yake isizidi asilimia 30. Kwa meli zinahesabiwa kama mzigo wa hatari wa daraja la 9. Muuzaji wa ng'ambo lazima atoe muhtasari wa majaribio ya usalama ya UN 38.3, na asiyeweza kuutoa ndani ya siku moja au mbili huenda hana.

Kwenye forodha, zana za mkononi zenye mota ya umeme ndani yake ziko katika kichwa cha ushuru 8467, na betri za lithiamu zinazoagizwa peke yake ziko 8507.60. Wakala wa forodha aulizwe viwango vya vyote viwili kabla ya kufunga mzigo. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara iingizwe kwenye hesabu, pamoja na gharama ya ukaguzi wa ubora nchi inakotoka mali, utaratibu ambao TBS iliuanza mwaka 2012.

Chaja ni mtego mwingine. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50, sawa na wa Falme za Kiarabu, ambako hata soketi za pini tatu za mraba zinafanana. Ulaya volti ni zile zile lakini pini ni za duara. China ni volti 220, tofauti isiyo na madhara, ila plagi ni nyingine. Marekani ni volti 120 na Japani ni 100. Shehena ya mashine za mtumba kutoka Marekani inaweza kuonekana ya bei ya kutupa, lakini chaja zake nyingi zitaungua zikichomekwa moja kwa moja, na betri zilizokwisha tumika hazionyeshi mizunguko mingapi imebaki. Anayenunua mtumba anunue mota na vichwa, betri na chaja atafute mpya, na ahakikishe kwanza kwamba za chapa hiyo zinapatikana kwa volti 230.

Betri mpya nazo hazipendi kukaa stoo. Duka linaloingiza betri 200 na kuziuza kwa miezi 18 linahitaji kuzikagua kila baada ya miezi michache, kwa kuwa iliyoshuka chini mno hukataa kuchajiwa tena. Kiwango kizuri cha kuhifadhia ni karibu nusu chaji, mahali penye ubaridi na ukavu. Kuna pia za kuiga, zenye ganda sahihi na seli pungufu ndani. Mizani ya dukani huzigundua: iliyo nyepesi kuliko ile halisi kwa gramu mia kadhaa haina kilichoandikwa nje.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayetaka kuanza, mpangilio unaobeba hatari ndogo kuliko yote kwa tarakimu zilizotumika hapa ni wa michongoma peke yake. Mota moja, kichwa kimoja, betri 2 na chaja moja ni shilingi 2,350,000. Kazi ya saa moja kwa siku inakula wati-saa 250, na betri 2 zinatoa 320, hivyo zote zinachajiwa nyumbani usiku na hakuna haja ya soketi ya mteja. Kila betri inafanya kama mizunguko 18 kwa mwezi na inafika 500 baada ya miezi 28. Zile 4 za mfano wa kwanza, zinazofanya kazi zote tatu, zinafanya mizunguko 55 kwa mwezi kila moja na kufika 500 katika mwezi wa kumi, mkataba wa mwaka ukiwa bado haujaisha. Bei ya seti ya pili ya betri, shilingi 1,800,000, inatakiwa iwe ndani ya zabuni hiyo tangu siku ya kwanza.